Kabla ya Kumwita Mtukutu, Mhesabieni Saa za Usingizi

Mhariri,

Juma hili mmetuuliza wasomaji: "Mtoto mdogo asiyetulia na asiyesikiliza arekebishwe vipi?" Nimefundisha chekechea kwa miaka mingi, na jibu langu ni kwamba kabla ya kumrekebisha, mlezi ajiulize mtoto huyo alilala saa ngapi na kuamka saa ngapi, si usiku wa jana tu, bali juma zima.

Mtu mzima aliyekosa usingizi hupiga miayo na kutafuta mahali pa kujiegemeza. Mtoto mdogo mara nyingi huwa kinyume chake: huchangamka kupita kiasi, hucheka ovyo, hupanda juu ya viti, kisha huangua kilio kwa sababu kikombe alichopewa si kile alichokitaka. Hapo ndipo wazazi wengi hudhani kwamba mtoto anayerukaruka saa nne usiku bado hajachoka, kumbe amechoka tangu saa mbili.

Nilikuwa na mwanafunzi wa miaka minne ambaye kila asubuhi alibomoa minara ya vibao iliyojengwa na wenzake. Siku moja nilimwambia afunge vifungo vya shati lake. Cha pili kilipomshinda, alipiga mayowe na kujitupa sakafuni. Nilimkalisha pembeni kama adhabu. Dakika chache baadaye nilimkuta amelala fofofo akiwa ameketi, kidevu kifuani, vidole bado vimeshika kile kifungo. Mama yake alinieleza kwamba mtoto alikuwa akikesha kila siku kumsubiri baba yake, ambaye hurudi kazini usiku sana. Adhabu ile naijutia hadi leo. Wazazi wale walikubaliana kwamba baba awe anamwamsha mwanawe asubuhi na kukaa naye kidogo kabla ya shule, na haukupita mwezi minara ikaanza kusalimika.

Uwezo wa kujizuia, kungoja zamu na kushika maagizo mawili kwa pamoja hutegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo kwa mtoto ingali changa, na usingizi unapopungua uwezo huo ndio unaoyumba. Mwaka 2012 watafiti wa Kanada waliwapunguzia baadhi ya watoto wa miaka 7 hadi 11 muda wa kulala na kuwaongezea wengine, kisha wakawaomba walimu wao, ambao hawakujua nani yuko kundi gani, wapime tabia zao darasani. Nyongeza ya takriban nusu saa tu kwa usiku ilitosha kuwatuliza watoto, na pungufu ya karibu saa moja iliwafanya wawe wepesi wa kukasirika na kuhangaika.

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2019, linapendekeza saa 11 hadi 14 kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 2, na saa 10 hadi 13 kwa wa miaka 3 hadi 4, usingizi wa mchana ukiwemo. Lakini idadi ya saa peke yake haitoshi. Utafiti uliofuatilia zaidi ya watoto 10,000 nchini Uingereza na kuchapishwa mwaka 2013 ulionyesha kwamba waliolala kwa saa zisizo na mpangilio walikuwa na matatizo zaidi ya tabia walipofika miaka 7, na kwamba waliorudishiwa ratiba walipata nafuu. Hilo la nafuu ndilo ninalopenda kuwaambia wazazi waliokata tamaa. Taa kali na skrini nazo zizimwe mapema, kwani mwanga hupunguza homoni ya melatonini, inayouandaa mwili kulala.

Sisemi kwamba kila utukutu unatokana na usingizi. Tena wapo watoto wanaolala mapema na bado wanaamka wamechoka, na kwa hao ningeomba mzazi akae kando ya kitanda usiku na kusikiliza. Mtoto anayekoroma karibu kila usiku, anayelala mdomo wazi au ambaye pumzi yake hukatika kidogo kisha akashtuka, huenda njia yake ya hewa imebanwa na mafindofindo au nyama za puani. Huyo apelekwe hospitali, na mzazi amweleze daktari yote mawili: aliyoyasikia usiku na yale ambayo mwalimu huyalalamikia mchana.