Barua kwa mwanangu aliyeko Roma

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo sote, baba yako anakusalimu.

Juzi ulipotoka Colosseum, ule uwanja wa kale, uliniuliza: kama matajiri wa Roma walikuwa radhi kulipia michezo ya magladieta, wale wapiganaji wa uwanjani, kwa fedha zao, makaisari waliwazuia kwa nini? Simu ikakatika kabla sijakujibu.

Anza na Julius Caesar, kabla jina lake halijawa cheo cha kaisari. Mwaka 65 KK alikuwa ofisa wa jiji tu, tena mwenye madeni. Akatangaza michezo ya kumkumbuka baba yake, aliyefariki miaka 20 hivi nyuma! Desturi yenyewe ilizaliwa misibani, kwa hiyo kisingizio alikuwa nacho. Plutarch, mwandishi wa kale, anataja jozi 320 za wapiganaji. Seneti, baraza la wakuu wa Roma, ikashtuka, ikaweka kikomo cha magladieta ambao mtu mmoja angeruhusiwa kuwa nao mjini. Walikuwa na sababu: miaka 8 tu kabla, gladieta Spartacus na wenzake wapatao 70 walitoroka shule ya magladieta ya mtu binafsi katika mji wa Capua, wameshika visu na vyuma vya kuchomea nyama walivyokwapua jikoni. Vita vyao vilichukua miaka 2.

Ila kilichowatisha watawala zaidi, naona mimi, ni shukrani ya umma. Mkono mtupu haulambwi. Aliyetoa burudani ndiye aliyekumbukwa siku ya kura. Kaisari Augusto, huyuhuyu tunayemsoma kila Krismasi katika Luka, alilijua hilo barabara. Mwaka 22 KK aliwabana mahakimu wakuu: michezo kwa idhini ya Seneti, isizidi mara 2 kwa mwaka, wapiganaji wasipite 120. Na yeye mwenyewe? Katika maelezo ya matendo yake anajivunia kutoa michezo mara 8, watu wapatao 10,000 wakapigana. Nikifika hapo roho huniuma. Elfu kumi, kila mmoja mtoto wa mtu, wamehesabiwa kama magunia.

Ukipata nafasi rudi pale. Mashariki ya Colosseum, chini ya usawa wa barabara, utaona nusu ya kiwanja kidogo chenye umbo la yai. Ndiyo Ludus Magnus, shule ya magladieta ya dola, si ya mtu binafsi, iliyoanzishwa na kaisari Domitian. Ilikuwa na njia ya chini kwa chini hadi uwanjani. Mpiganaji alitoka chumbani kwake akaenda kupigana bila kukanyaga barabara ya mji.

Mama yako