Uliza Fundi: Ninunue mashine ipi ya kujazia risasi za bastola?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni mlenga shabaha wa klabu. Leseni ya silaha ninayo, na kibali cha kujaza risasi nyumbani ninacho pia. Kwa mwezi natumia risasi kama 300, nyingi za 9mm, na zilizobaki ni .38 Special za rivolva. Mashine yangu ni ya kituo kimoja: kila ganda nalishika mara nne au tano kabla halijawa risasi, na mpaka nimalize, usiku umekwisha. Sasa nataka mashine ya mfululizo, ile ambayo kila ukivuta mpini inadondosha risasi iliyokamilika. Wenzangu mmoja anasifia Dillon, mwingine Hornady, wa tatu Lee. Muuzaji ananiambia nitazame idadi ya risasi kwa saa, mengine hayana uzito. Nifuate ushauri wa nani?

JIBU: Marahaba. Muuzaji mwache kwanza. Wewe unatumia risasi 300 kwa mwezi. Kwenye matangazo utaona 500, 800, hata 1,000 kwa saa. Hata ukienda kwa nusu ya kasi ya ile ya chini kabisa, kazi yako ya mwezi mzima inaisha kwa saa moja na dakika chache. Kasi si shida yako. Swali la kumuuliza muuzaji ni hili: nikiwa nimeketi mbele ya mashine hii, naiona baruti ndani ya kila ganda kabla kichwa (kile kipande cha chuma kinachoruka) hakijaliziba?

Nasema hivyo kwa sababu ya hiyo .38 Special. Risasi hii ilizaliwa mwishoni mwa karne ya 19, enzi za baruti nyeusi, ambayo huchukua nafasi kubwa. Ndiyo maana ganda lake ni refu, milimita 29 na ushei, wakati la 9mm ni milimita 19 tu. Baruti ya leo isiyo na moshi ina nguvu nyingi kwa ujazo mdogo, hivyo kipimo halali hukaa chini kabisa ya ganda, kidogo hivi kwamba kipimo cha pili kikiingia juu yake hakimwagiki. Kinaingia chote, kichwa kinafuata, na kwa nje risasi hiyo haina tofauti na nyingine. Ukiipiga, silinda ya rivolva inaweza kupasuka.

Kinyume chake nacho kina hatari. Ganda likipita bila baruti, fataki (kile kikombe kidogo kitakoni mwa ganda kinachowasha baruti) peke yake ina nguvu ya kukisukuma kichwa hadi ndani ya mtutu na kukiacha humo. Unasikia mlio mdogo, unadhani risasi mbovu, unapiga ya pili. Mtutu unavimba au unapasuka. (Ukisikia mlio mdogo, acha kupiga, toa risasi zote, uchungulie mtutu. Hili halina mjadala.)

Kwa hiyo vituo vya mashine, ambapo kila kimoja kina kazi yake juu ya ganda, vihesabu kwa jicho hilo. Dillon 550 ina vituo vinne, na sahani inayobeba maganda unaizungusha mwenyewe kwa kidole. Wengi huiona ni ya kizamani. Mimi naiheshimu: kitu kikienda kombo unasimama hapo hapo, unatoa ganda, unarekebisha, na hakuna kilichosogea bila amri yako. Lakini upole huo una mtego. Ukiitwa mlangoni katikati ya kazi, ukarudi na kuvuta mpini bila kuzungusha sahani, ganda lile lile linapokea baruti mara ya pili.

Dillon 750 na Hornady Lock-N-Load AP zina vituo vitano na zinajizungusha zenyewe, hivyo huo usahaulifu unapungua. Haziondoi hatari zote. Ukivuta mpini nusu ukakwama, ukaurudisha ili ufungue kilichokwama, hujui tena ganda lililo chini ya kipimio cha baruti limepata nini. Kanuni yangu ni nyepesi: mashine ikikwama, kila ganda lililopita kwenye kipimio na halijazibwa linatolewa na kumwagwa baruti yake. Usibahatishe kwa ajili ya maganda matatu.

Kati ya hizo mbili, tazama jinsi sahani inavyosogea. Ya Hornady inazunguka nusu mpini ukishuka na nusu mpini ukipanda, kwa hiyo inakwenda taratibu. Ya Dillon 750 inamaliza mwendo wake kwa mkupuo. Ganda la 9mm likiwa limejaa kiasi, mkupuo huo unaweza kurusha chembe za baruti juu ya sahani, na chembe hizo zikiingia sehemu ya fataki zinasumbua. Dawa yake ni mkono mtulivu na brashi ndogo karibu. Meza nayo ifungwe kwa bolti ukutani au sakafuni. Meza inayotikisika inaharibu kazi ya mashine yoyote.

Kituo cha tano ndicho ninachotaka ulipie. Weka hapo kifaa cha kukagua baruti. Dillon wana kinachopiga kelele kiwango kikizidi au kikipungua. RCBS, kampuni nyingine ya vifaa hivi, wana kalibu (chombo cha chuma kinachofungwa juu ya kituo) inayozuia mpini usiendelee. Mpangilio unakuwa hivi: cha kwanza kinasawazisha ganda na kutoa fataki kuukuu, na mpya inaingia kabla ganda halijapokea baruti, cha pili baruti, cha tatu ukaguzi, cha nne kichwa, cha tano kubana mdomo. Pamoja na hayo, funga taa ndogo inayomulika moja kwa moja ndani ya ganda. Jicho lako litazame humo kila mara mkono unapochukua kichwa cha kuweka juu yake. Mashine ambayo nguzo yake au mtambo wake unakuziba usione hapo, mimi singeinunua hata ingetolewa kwa bei ya kutupa.

Lee Pro 1000 ina vituo vitatu tu, maana yake kuweka kichwa na kubana mdomo hufanyika pamoja, na mkaguzi hana pa kukaa. Kwa .38 Special sikushauri uanzie hapo. Lee hao hao wana Six Pack Pro yenye vituo sita, na hiyo inaingia kwenye mjadala kama bajeti inabana. Dillon Square Deal B ni ya bastola pekee, nadhifu, ila inatumia kalibu za aina yake, kwa hiyo ulizonazo sasa zitabaki kabatini.

Kubadili kutoka 9mm kwenda .38 hakutakutesa sana, kwa kuwa zote zinatumia fataki ndogo ya bastola. Badilisha sahani na kalibu. Kalibu za kila aina zinunulie vishikio vyake (kwa Dillon ni bamba moja la kuzibeba zote, kwa Hornady ni kishikio cha kila kalibu), zikae humo zikiwa zimeshapimwa, usiwe unaanza upya kila mara. Kumbuka 9mm husimama kwenye chemba kwa mdomo wa ganda, kwa hiyo mdomo unanyooshwa tu na kubanwa kidogo, wa .38 unakunjwa ndani ya mfereji wa kichwa.

Kwa kifupi cha kwako: vituo vitano, yenye kujizungusha, na mkaguzi wa baruti. Kati ya 750 na AP, chagua ile ambayo vipuri vyake unavipata bila kusubiri. Ile ya kituo kimoja usiiuze.

SWALI: Na kilishio cha maganda na cha vichwa, nivinunue papo hapo?

JIBU: Cha maganda, ukitaka. Cha vichwa hapana. Kwenye vituo vitano kitakula nafasi ya mkaguzi, na mkono wako utakosa sababu ya kufika karibu na ganda lile unalotakiwa kulichungulia. Mwezi wa kwanza endesha ganda moja moja, lizunguke sahani nzima, ndipo ujaze vituo vyote.

SWALI: Baadhi ya maganda yangu ya 9mm ni ya kijeshi na fataki mpya inagoma kuingia. Mashine mpya itaondoa tatizo?

JIBU: Hizo tulizozitaja hapo juu haziondoi. Fataki ya kijeshi hufungwa kwa kubanwa ukingo, na mbano huo hubaki baada ya kuitoa. Dillon RL 1100, yenye vituo vinane, ina kituo cha kuupanua, lakini kwa risasi 300 kwa mwezi hiyo ni fedha nyingi bure. Yatenge maganda hayo mapema, uyapanue pembeni kwa kifaa cha mkono, au uyape wanaoyataka. Kwenye 750 na AP, fataki unaiweka kwa kusukuma mpini mbele, na mkono unahisi inavyokalia. Ukihisi ukuta, usilazimishe: toa ganda. Juu ya sehemu ya fataki kuna mrija wenye fataki hadi mia, na miwani ya kinga iwe usoni tangu unapoujaza.