Jibu: Alama nyeupe za ndimu kwenye marumaru ya jikoni

Pole sana dada. Umeuliza kama siki itaondoa alama nyeupe zilizoachwa na ndimu kwenye kaunta yako ya marumaru. Tafadhali, siki usiiguse kabisa! Marumaru ni ndugu wa mawe ya chokaa, na tindikali yoyote, iwe ndimu, siki, ukwaju au dawa ya choo, huyala. Hayo si madoa, ni jiwe lenyewe limelika likapoteza mng'ao, ndiyo maana umesugua bila mafanikio. Mtafute fundi wa kung'arisha mawe. Kila siku tumia maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kisha ukaushe. Na kwa ile kaunta ya pili uliyosema bado hujaiweka, mimi ningechagua jiwe la graniti; inastahimili ndimu vizuri zaidi.