Kihisi kikisoma sifuri, shimo bado linaweza kuua

SWALI: Nasoma kemia hapa Dar es Salaam. Nimepaka chembe nano (ndogo mno) za fedha kwenye elektrodi ya kaboni, kipande kinachopitisha umeme, ili nipime haidrojeni salfaidi, gesi yenye sumu inayonuka kama yai viza, kwenye mashimo ya vyoo. Mwanzoni kihisi kilisoma vizuri, sasa mkondo wa umeme unaosomwa unashuka kila siku ingawa sampuli ni ileile. Je, niongeze chembe? Vijana wanaotapisha vyoo mtaani kwetu wanakisubiri.

JIBU: Usiongeze. Salfa inaing'ang'ania fedha na kuigeuza salfaidi ya fedha, na hiyo ndiyo ishara uliyokuwa unaisoma. Kila kipimo kinakula chembe, nazo hazirudi. Ukizirundika zitagandana na eneo la kufanyia kazi litapungua. Ukitumia dhahabu badala ya fedha, nayo hufunikwa na salfa, ila unaweza kuisafisha kwa kuipandishia volti mpaka salfa ioksidike na kutoka. Pia tengeneza mmumunyo mpya wa salfaidi wa kujaribia kila siku. Salfaidi iliyolala huliwa na oksijeni, nyingine hupaa.

Linaloniudhi ni hao vijana kusubiri kifaa hiki. Elektrodi yako inapima salfaidi iliyomo kwenye maji, wakati kinachoua ni gesi iliyo hewani. Halafu kihisi kilichochoka hakipigi kelele, kinasoma sifuri tu, na aliyekishika anashuka akiwa na amani. Kila mara naletewa kihisi kinachojivunia kunusa kiwango kidogo mno, lakini nikiuliza kinasomaje baada ya mwezi mmoja kwenye joto na unyevu wa shimo, sipati jibu.

Pua nayo ni ileile. Harufu ya yai viza huanza kusikika chini ya sehemu 1 kwa milioni, lakini ikifika kama 100 pua inakufa ganzi. Mtu anasema harufu imeisha, kumbe gesi ndiyo imezidi. Kwenye 700 hivi anaweza kuzimia baada ya kuvuta pumzi chache.

Na wale wanaowauzia vyura, yaani hao vijana wanaotapisha vyoo, ushauri wa kuteremsha mshumaa waache mara moja! Mshumaa unaonyesha oksijeni ikipungua sana, basi. Utaendelea kuwaka mahali ambapo haidrojeni salfaidi inatosha kuua, na shimo likiwa na methani utalilipua.

Anayelazimika kushuka atumie kipima gesi cha kazi hiyo, kilichojaribiwa siku hiyohiyo kwa gesi ya kiwango kinachojulikana. Kiteremshwe kwa kamba kipime juu, katikati na chini, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, na tope likikorogwa hutoka nyingine kwa mkupuo. Avae mkanda wenye kamba inayoshikwa na walio juu. Akianguka avutwe kwa kamba hiyo. Asishuke mtu kumfuata bila mtungi wa hewa, hata akiwa kaka yake. Barakoa ya kitambaa haizuii gesi hii.