Maswali ya walimu: Marekani iliingiaje vitani mwaka 1917?

Wanafunzi wangu karibu wote huandika kwamba Marekani iliingia Vita vya Kwanza vya Dunia kwa sababu ya meli ya Lusitania. Niwasahihishe vipi?

Andika tarehe mbili ubaoni. Nyambizi ya Ujerumani iliizamisha Lusitania tarehe 7 Mei 1915. Walikufa watu 1,198, wakiwemo Wamarekani 128. Marekani ilitangaza vita tarehe 6 Aprili 1917. Kisha uliza: miezi yote hiyo katikati walikuwa wakingoja nini? Watakuta Rais Woodrow Wilson akipeleka barua kali Berlin, Ujerumani ikilegeza msimamo mwaka 1916, na Wilson akichaguliwa tena Novemba mwaka huo huku wapiga debe wake wakimsifu kwa kuiepusha nchi na vita. Lusitania isifutwe kwenye daftari. Iliwatia Wamarekani hasira, ila si hasira hiyo iliyowavusha bahari.

Sasa ni nini kilichobadilika?

Uamuzi wa Berlin, na hapa usiwe na haraka. Uingereza ilikuwa imeifungia Ujerumani njia za bahari na chakula kimekuwa adimu. Wakuu wa jeshi la majini la Ujerumani wakapiga hesabu: nyambizi zikizamisha kila meli inayokwenda Uingereza, iwe ya adui au ya nchi isiyofungamana na upande wowote, Uingereza itasalimu amri katika miezi mitano hivi. Walijua hatua hiyo ingeweza kuiingiza Marekani vitani. Wakaamini kwamba majeshi yake yatafika mambo yamekwisha.

Mashambulizi hayo yalianza tarehe 1 Februari 1917. Siku mbili baadaye Wilson akavunja uhusiano wa kibalozi, na Machi meli kadhaa za Marekani zikazamishwa. Ndiyo maana napenda wanafunzi waigize kikao cha Wajerumani cha Januari 1917 kabla ya kuigiza Bunge la Marekani. Tumezoea kufundisha kana kwamba taifa huingia vitani kwa hiari yake tu, wakati mara nyingi adui naye amechagua.

Telegramu ya Zimmermann ina uzito gani?

Mkubwa kiasi. Waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani, Arthur Zimmermann, aliiahidi Mexico kwamba, vita vikizuka kati ya Ujerumani na Marekani na Mexico ikaungana na Ujerumani, ingesaidiwa kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza wakainasa, na magazeti ya Marekani yakaichapisha tarehe 1 Machi. Wengi walidhani ni ya kughushi, mpaka Zimmermann mwenyewe alipokiri. (Sijaelewa hadi leo kwa nini hakunyamaza.) Iliwagusa hasa watu wa magharibi na kusini-magharibi, ambao vita vya Ulaya waliviona havina habari nao.

Mwanafunzi mmoja ameshikilia kwamba ni mabenki. Amekosea?

Usimnyamazishe. Mataifa Washirika (Uingereza, Ufaransa na wenzao) yalikuwa yamekopa zaidi ya dola bilioni 2 Marekani, na Ujerumani kiasi kidogo sana. Seneta George Norris, aliyepinga vita, alilisema hilo Bungeni waziwazi, na katika miaka ya 1930 kamati ya Seneti chini ya Gerald Nye ikalichunguza. Mtake tu aeleze kwa nini mikopo iliyokuwapo mwaka 1916 haikuleta vita mwaka huo. Akijibu vizuri, mpe alama.

Mtihani unataka sababu nne. Nifanyeje?

Wape nne, lakini wazipange kwa tarehe.

Kulikuwa na waliopinga?

Ndiyo, na vitabu vingi huwapa mstari mmoja. Wilson aliomba vita tarehe 2 Aprili, akisema dunia lazima iwe salama kwa demokrasia. Seneti ilipitisha kwa kura 82 dhidi ya 6, Baraza la Wawakilishi 373 dhidi ya 50. Kati ya hao 50 alikuwemo Jeannette Rankin wa Montana, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa katika Bunge hilo. Gawa hotuba ya Wilson kwa nusu ya darasa na ya Norris kwa nusu nyingine, wajibizane kabla hujawaambia kura zilikwendaje.