Bila kamera, unaweza kusema "alipiga picha"?

Msomaji mmoja kaniandikia, anaandaa maelezo ya Kiswahili kwa ajili ya maonyesho ya vitabu vya picha vya zamani, na sentensi yake ni hii: "Mwaka 1843 Anna Atkins alipiga picha mwani wa Uingereza." Mwenzake kaikataa, kamwambia huyo mama hakuwa ameshika kamera, sasa alipiga kwa kitu gani? Anauliza nani yuko sahihi.

Mwenzako kashinda, ila kwa sababu siyo hiyo aliyoitoa. Piga letu halidai kamera hata kidogo, mbona tunapiga pasi, tunapiga deki, tunapiga mswaki, tunapiga mhuri na hakuna anayeuliza kofi limetua wapi. Na ukienda Kongo utasikia kupiga foto, yaani nomino imebadilika imekuja ya Kifaransa lakini piga kabaki palepale. Wengine hudhani ni kwa sababu kamera inalia "kacha!", haya, lakini zile za mwanzo za 1839 hazikuwa na mlio wowote, mtu anafunua lenzi anasubiri dakika kadhaa halafu anafunika, na bado leo tukizitaja picha zake tunasema zilipigwa.

Shida ya sentensi yako ni kwamba inaficha kilichofanyika, na kilichofanyika Kiswahili kina maneno yake mazuri tu. Atkins alikuwa mtaalamu wa mimea. Alichukua karatasi iliyopakwa dawa zenye chuma, njia iliyogunduliwa na mwanasayansi John Herschel mwaka 1842, akalaza mwani juu yake, akakandamiza kwa kioo, akaanika juani. Kuanika! Neno la akina mama wakulima wa mwani wa Paje na Jambiani, kule Zanzibar, kabisa, wao na mwani wao. Palipopigwa na jua pakageuka bluu, palipofunikwa na mwani pakabaki peupe, kisha karatasi ikaoshwa kwa maji matupu basi picha imekaa. Na hapa nacheka kidogo kwa sababu enzi za filamu sisi tulipeleka picha studio "kuosha" au "kusafisha", kumbe kwa huyu mama kuosha ni kuosha kweli, maji na karatasi.

Kwa hiyo mimi ningeandika: "Kuanzia mwaka 1843 Anna Atkins alichapa picha za mwani wa Uingereza kwa jua, bila kamera." Chapa inafaa kwa sababu kitu chenyewe kiligusa karatasi kikaacha umbo lake, tena hata maandishi ya kitabu alichokusanyia picha hizo aliyaandika kwa mkono akayatoa kwa jua hivyohivyo. Na nimesema kuanzia, maana kazi ilimchukua miaka kumi hivi, alikuwa akiwatumia watu sehemu kwa sehemu, ndiyo maana nakala zilizobaki hazilingani kurasa. Ile ya maktaba ya umma ya New York ilikuwa ya Herschel mwenyewe.

Halafu kuna kosa dogo ambalo nyote wawili mmelipita. "Alipiga picha mwani" haijakaa sawa, ama useme alipiga picha za mwani, ama aliupiga mwani picha, kama unavyosema nimempiga mtoto picha.

Na ile "kitabu cha picha" uliyoweka kwenye kichwa cha habari, mgeni akiisoma atawaza albamu ya harusi au kitabu cha watoto wa chekechea. Andika "kitabu chenye picha za jua", halafu kwenye maelezo ya chini waambie kwamba ni njia hiihii ya bluu ambayo baadaye mafundi walitolea ramani za majumba.