Pete Ikikatika, Iangalie Kabla ya Kuandika Namba

Kila muhula tunapokea vijana wa atachimenti katika maabara yetu hapa Nakuru, wengine wanatoka vyuo vya Kisumu na Kakamega, na karibu wote huja na haraka ileile: wawashe mashine ya kuvuta pete za mpira hadi zikatike, waone namba ya nguvu yake. Namba itakuja tu. Mashine haikosi kutoa namba, hata ukiiwekea kamba ya kiatu. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo, na zaidi baada ya hapo.

Kwanza mjue mnapima nini. Oringi, yaani pete ya mpira inayozuia maji yasivuje kwenye maungio ya pampu au bomba, haizuii maji kwa kuvutwa. Inazuia kwa kubanwa ndani ya mfereji wake. Mteja akiuliza, "Hii itavuja ama haitavuja?", usimjibu kwa kipimo cha mvutano. Swali lake linahitaji kipimo cha ugumu, na kile cha kuona kama mpira uliobanwa kwa muda unarudi katika umbo lake. Mvutano unakuonyesha kama mchanganyiko ulichanganyika sawasawa, kama mpira ulipikwa ukaiva, na kama shehena ya leo haijatofautiana na ya mwezi uliopita. Ndiyo sababu kiwango cha sili za mabomba ya maji, EN 681-1, kinadai angalau megapaskali 9 (nyutoni 9 kwa kila milimita ya mraba), mpira uwe laini au mgumu.

Hesabu ndipo wageni wengi hujikwaa. Pete ikivutwa juu ya roda mbili, yaani magurudumu madogo ya mashine, mzigo unabebwa na miguu miwili (pande mbili za pete), si mmoja. Chukua oringi yenye unene wa mm 3.53. Eneo la mkato wake ni kama mm² 9.79, lakini unagawa nguvu kwa mara mbili ya hilo. Ikikatika kwa nyutoni 235, jibu ni megapaskali 12. Ukisahau mguu wa pili unaandika 24, na mteja anaenda nyumbani akisherehekea mpira ambao hana. Unene nao upimwe kwa mkono mwepesi. Kalipa ya chuma ikikazwa hubonyeza mpira, na ukisoma mm 3.43 badala ya 3.53, eneo linapungua na nguvu ya mpira inaonekana imepanda kwa karibu asilimia 6. Mimi napendelea geji ya saa, ile yenye mshale kwenye uso, yenye mguu bapa, na napima sehemu kadhaa za pete.

Halijoto isidharauliwe. Kipimo kinataka nyuzi 23 za Selsiasi, zaidi au pungufu kwa 2. Asubuhi ya Julai hapa Nakuru tunaingia kazini na masweta, na mpira uliolala kwenye kabati baridi huwa mkakamavu, kwa hiyo kwa kawaida namba hupanda. Pete zilizoletwa kutoka Kisumu kwa matatu, zikiwa kwenye buti mchana kutwa, hutoa namba za chini. Zote ziache zitulie ndani ya chumba chenye halijoto sahihi kwa muda wa saa 3 au zaidi. Na kama pete imetoka kiwandani leo, subiri: mpira unahitaji angalau saa 16 tangu upikwe.

Mwendo wa mashine ni mm 500 kwa dakika. Roda zizunguke kwa ulaini, zisiwe na mikwaruzo. Roda ikikwama, upande mmoja wa pete unabeba mzigo kuliko mwingine, nayo inakatika mapema. Miwani ya kinga ni lazima. Mpira uliovutwa mara nne ya urefu wake haukatiki kwa adabu.

Sasa imekatika. Usiguse kalamu. Okota vipande, vipeleke dirishani, ushike lenzi. Sura ya mkato ikiwa na kidoa cheupe au chembe ngumu, hiyo ni poda ambayo haikusagika vizuri kwenye mchanganyiko, na mpasuko ulianzia hapo. Mkato ukifuata ule ukingo mwembamba unaobaki pale nusu mbili za kalibu zinapokutana, angalia jinsi pete ilivyosafishwa. Pengine kisu kiliacha jeraha. Mkato ukiwa laini, unang'aa, umenyooka kama uliokatwa kwa wembe, hiyo ni oringi iliyokatwa kwenye kamba ya mpira ikaunganishwa kwa gundi. Mafundi wa jua kali huzitengeneza hivyo pampu ikikwama na duka halina saizi, na kwa dharura sina ugomvi nao. Lakini namba uliyopata hapo ni nguvu ya gundi. Andika hivyo waziwazi kwenye ripoti, usiiite nguvu ya mpira.

Pete zikikatika zote mahali pamoja pale zinapogusa roda, shuku mashine kabla ya kushuku mpira.

Katika ripoti, kipimo cha ISO 37, kiwango cha kimataifa cha kupima mvutano wa mpira, hakitaki wastani. Panga matokeo kuanzia dogo hadi kubwa, uchukue la katikati, kwa vipande visivyopungua vitatu. Vijana hupenda kulifuta lile dogo wakidai ni bahati mbaya. Halifutwi bila sababu inayoonekana kwenye kipande chenyewe, nayo iandikwe. Vipande vyote tia kwenye bahasha yenye namba ya sampuli. Mteja akibisha, mnafungua bahasha mbele yake.

Na akija na pete moja tu kwenye mfuko wa shati, mrudishe akalete nyingine nne za shehena hiyohiyo, tena ajue mapema kwamba hakuna atakayorudishiwa nzima.